Goti la mama limepungua kwa manjano na tangawizi: ni mitishamba kweli au kuna jambo jingine?

#1 Mwana wa Njoro
Hamjambo wanajukwaa. Mama yangu ana umri wa miaka 61 na anaishi Njoro, si mbali na Nakuru mjini. Tangu msimu wa kupalilia mahindi goti lake la kulia lilivimba hata akashindwa kuchuchumaa kukama ng'ombe, na usiku alikuwa akilala ameliwekea mto chini. Kwenye duka la dawa aliuziwa vidonge vya diklofenaki, akavimeza kwa siku kumi. Maumivu yalipungua, lakini tumbo likaanza kumchoma hadi akavitupa shimoni. Ndipo jirani, mama wa rika lake, akamfundisha kuchemsha kikombe cha maziwa pamoja na nusu kijiko cha chai cha unga wa manjano, kipande cha tangawizi kilichopondwa na chembe chache za pilipili manga, akawa anakunywa asubuhi na jioni.

Sasa ni wiki tatu. Goti tulilipima kwa tepu ya kupimia nguo siku alipoanza, mzingo wake ukawa sentimita 44. Jumapili iliyopita tukalipima tena, ukawa 41. Mama hana swali lolote: kwake yeye maziwa yamemponya. Mimi ndiye mwenye swali. Je, viungo vya jikoni vinaweza kushusha uvimbe kiasi hicho, au kuna jambo ambalo sikuliona? Walio na uzoefu na waseme, na waliosomea pia.

#2 Fundi wa Kondele
Nikupongeze kwanza kwa kupima, maana hapa watu husema "nilipona kabisa" bila hata kukuonyesha kovu. Nina swali moja tu: je, mlipima goti la kushoto pia? Mimi hushona suruali, na ninakuhakikishia kwamba miguu ya mtu mmoja haifanani hata akiwa mzima, kwa hiyo 41 peke yake hainiambii kama goti limerudi kawaida au bado limevimba.

Halafu kuna zile diklofenaki za siku kumi. Nadhani dawa ilikuwa bado mwilini ikifanya kazi yake, maziwa yakaja kupokea sifa.

#3 Mwalimu Mstaafu
Mniruhusu nirekebishe msamiati kabla hatujafika mbali. "Uvimbe" hospitalini mara nyingi humaanisha jambo lililoota mwilini, na ukimwambia mtu kwamba mama yako ana uvimbe atakupa pole ya saratani. Hali mnayoizungumzia ina jina lake katika kamusi, nalo ni mchochota. Mroma mmoja aliyeitwa Celsus, katika karne ya kwanza, aliandika dalili zake nne ambazo wanafunzi wa udaktari bado wanazikariri: wekundu, kuvimba, joto na maumivu. Ninamuuliza mleta uzi: goti la mama lilikuwa na moto ukiligusa kwa kiganja, au lilikuwa limevimba tu? Tofauti hiyo si ndogo. Pia wazee wetu huita kila maumivu ya viungo "baridi yabisi", ilhali ndani ya jina hilo yamejificha maradhi kadhaa ambayo hayatibiwi kwa njia moja.

#4 Kidonge
Ninafanya kazi katika duka la dawa hapa Kisumu, kwa hiyo nitaanza na ya Fundi wa Kondele. Hapana, ndugu yangu. Diklofenaki hupungua nusu katika damu kwa muda wa takriban saa mbili. Hukaa zaidi kidogo katika maji ya kiungo, lakini haiwezi kudumu wiki tatu. Hiyo tuiondoe mezani.

Kuhusu manjano, kinachosifiwa ndani yake ni kemikali iitwayo kurkumini, na katika unga wa kawaida haizidi sana asilimia 3. Nusu kijiko cha chai ni gramu moja na nusu hivi; mara mbili kwa siku ni gramu tatu, maana yake mama anapata takriban miligramu 90 za kurkumini. Majaribio mengi yaliyofanyiwa watu wenye maumivu ya magoti hutumia dondoo lililokolezwa, kuanzia miligramu 500 hadi 1,500 kwa siku. Kwa hiyo anachokunywa ni sehemu ndogo ya kile kilichojaribiwa.

Hata hiyo ndogo hainyonywi vizuri tumboni. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu mbili za kurkumini tupu na karibu wasiione katika damu. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, yaani ule ukali wa pilipili manga, kiasi kilichofika katika damu kiliongezeka takriban mara ishirini. Jirani huyo hakusoma jarida lolote, lakini pilipili manga na mafuta ya maziwa ndivyo hasa vinavyohitajika. Hilo ndilo linalonifanya nisicheke.

#5 Tia Shaka
Mimi sichoki kusema jambo hili. Mtu huanza dawa mpya siku anapoumwa zaidi, kwa sababu siku ambayo hajaumwa sana hana haja ya kuhangaika. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe. Ukianzia kileleni, njia iliyobaki ni ya kushuka, na chochote utakachokuwa umeshika mkononi wakati huo, iwe manjano, iwe maji ya baraka, kitaonekana kimekuponya.

Pia Kidonge amezungumza juu ya kurkumini kana kwamba jambo lenyewe limekwisha thibitika. Mwaka 2017 wanakemia walichapisha mapitio marefu wakionya kwamba kurkumini huingilia vipimo vya maabara vyenyewe, ikatoa majibu yanayofanana na mafanikio hata pale ambapo haijafanya lolote. Ndiyo maana inang'aa katika chupa za maabara, halafu inafifia ikifika kwa binadamu.

Swali langu kwa mleta uzi ni jepesi: katika wiki hizo tatu, nani alikuwa akikama ng'ombe?

#6 Nyar Nam
Niwape kisa changu, kwa sababu kilinifundisha kutomshukuru mtu upesi. Mume wangu alivimba kidole gumba cha mguu usiku mmoja, kikawa chekundu hata shuka likikigusa anaguna. Shemeji yangu akaleta majani aliyoyachemsha, sitayataja jina kwa sababu hakuniambia, akanywa siku nane na kidole kikatulia. Nyumba nzima ikamsifu shemeji. Miezi miwili baadaye kikavimba tena, naye akanywa majani yale yale, na safari hii akakesha siku tano akilia.

Alipopimwa damu aliambiwa ni jongo, yaani asidi ya yuriki imezidi na imejenga fuwele ndani ya kiungo. Daktari alimweleza kwamba shambulio la jongo mara nyingi hutulia lenyewe katika wiki moja au mbili hata usipolitibu. Basi ile mara ya kwanza majani yalikuwa yamepanda gari lililokuwa tayari linaondoka. Tukaulizwa tunakula nini. Hapa kwetu ziwani omena iko mezani mara nne kwa juma, na mwisho wa juma kuna nyama choma na bia. Samaki wadogo wanaoliwa wazima, maini na bia, vyote hupandisha asidi hiyo. Mama yako anakula nini, mwanangu?

#7 Mwana wa Njoro
Ahsanteni. Nijibu mmoja mmoja.

Fundi, goti la kushoto hatukulipima, na sasa ninaona aibu. Mwalimu, goti lilikuwa na joto kidogo wiki ya kwanza ya kuumwa, kabla ya vidonge. Wekundu sikuuona, lakini mama ni mweusi wa kupendeza na wekundu usingeonekana upesi. Mama Nyar Nam, omena haili kabisa, bia hajawahi kuonja, na nyama ni ya sikukuu.

Tia Shaka, umenishika. Tangu goti lilipovimba mdogo wangu ndiye anayekama, na mama hajachuchumaa hata mara moja. Kupalilia nako kulikwisha. Na kuna jambo jingine ambalo sikuliandika kwa sababu nililiona dogo: kila jioni dada yangu amekuwa akimkanda goti kwa mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, kisha analifunga kwa leso.

#8 Tia Shaka
Maziwa, tangawizi, manjano, pilipili, mafuta ya nyonyo, joto, kukandwa, leso ya kubana, kupumzika, na msimu kwisha. Ni nani kati ya hawa kumi tumpe kombe?

#9 Mzee wa Molo
Vijana, mnahesabu sana. Mimi nina miaka 70 na ninaishi kwenye baridi ambayo ninyi wa Kisumu mngeikimbia kwa siku mbili. Nyanya yangu alikuwa akivaa jani la mgomba mkononi, anakata matawi ya thabai, ule mmea unaowasha, anajichapa magoti yote mawili hadi yanatoka malengelenge madogo kama ya mbu, kisha anakaa juani. Nusu saa ya kwanza alikuwa akitukana kila aliyepita. Baada ya hapo alitembea hadi sokoni na kurudi na mzigo. Jioni thabai iliyobaki ilichemshwa ikapondwa pamoja na viazi na mahindi, tukaila. Nimesikia kwamba madaktari wa Uingereza walithibitisha kuwa thabai huponya magoti.

Kuna pia gamba la muiri, ambalo tulilichemsha kwa ajili ya viungo na mgongo. Msitu wa Mau ulikuwa na miti hiyo mikubwa kabla haijaisha.

#10 Kidonge
Mzee, shikamoo. Umekaribia ukweli lakini si magoti. Jaribio ninalolijua lilichapishwa mwaka 2000, lilifanyika Uingereza, na lilihusu maumivu ya maungio ya chini ya kidole gumba cha mkono. Wagonjwa walikuwa 27. Kila mmoja alijipaka jani la thabai kwa wiki moja, na kwa wiki nyingine jani la mmea unaofanana nayo lakini usiowasha, na wiki ya thabai maumivu yalipungua zaidi. Tatizo ni kwamba jani linalowasha halijifichi: mgonjwa anajua ni lipi, na kujua kwenyewe kunaweza kupunguza maumivu. Isitoshe, thabai ya Ulaya na hii yetu ya nyanda za juu ni ndugu wa ukoo mmoja lakini si aina moja.

Kuhusu jinsi inavyofanya kazi, wengine husema sumu zake ndogo zinaichosha mishipa ya fahamu ya mahali pale, wengine husema mwasho mkali unaufanya ubongo usahau ule mdogo. Pilipili hufanya jambo la namna hiyo. Krimu iliyotengenezwa kwa ukali wa pilipili kali huuzwa kwa ajili ya magoti, nami ninaiuza.

#11 Fundi wa Kondele
Kwa hiyo dawa ya maumivu ni maumivu makubwa zaidi. Nitamwambia mteja anayelalamika kwamba suruali inambana nimshonee ndogo zaidi.

#12 Mukhana wa Shinyalu
Ninaishi kando ya msitu wa Kakamega, kwa hiyo ya muiri niachieni mimi. Sisi tunauita mwiritsa. Mzee wa Molo asikasirike, lakini gamba hilo limepata jina duniani kwa sababu ya tezi dume iliyovimba kwa wazee, wale wanaoamka usiku mara tano kwenda haja ndogo, si kwa sababu ya magoti. Dondoo lake limeuzwa Ulaya kwa miongo kadhaa, na tamaa hiyo iliumaliza mti hadi mwaka 1995 ukaingizwa katika mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Mti ukichunwa upande mmoja kwa nafasi, unaweza kujifunika tena. Ukichunwa kuzunguka shina lote, unakauka umesimama. Nimeiona ya namna hiyo, mikavu, meupe kama mifupa, na chini yake hakuna mche.

Sisemi kwamba halipunguzi mchochota. Tezi iliyovimba nayo ina mchochota wake. Ninasema tu kwamba mti uliotumiwa kwa jambo moja usihamishiwe kila mahali kwa sababu neno "kuvimba" ni lile lile.

#13 Fundi wa Kondele
Dada wa Shinyalu, na ule mzizi wa kutafuna, mukombero, je? Maana wanaouuza hapa stendi wanasema unatibu kila kitu.

#14 Mukhana wa Shinyalu
Mukombero unautafuna wewe kwa sababu unazozijua, na hazihusiani na goti. Turudi kwenye uzi.

#15 Maabara
Nimesoma kimya hadi hapa, na ninastaajabu kwamba hakuna aliyeuliza swali ambalo mimi ningeliuliza kwanza: unga wa manjano ulitoka wapi? Ulikuwa mzizi uliosagwa nyumbani, au unga uliofungwa?

Shangazi yangu hapa Nakuru alikuwa na vidole vilivyovimba kwa miaka. Mtu mmoja akamuuzia unga wa kahawia ndani ya kijaluba cha plastiki, akasema ni mizizi saba. Siku ya tatu alifua blanketi kwa mikono yake. Tulifurahi sote, mimi pia, na kazi yangu ni kushuku. Baada ya miezi mitatu uso wake ulikuwa umejaa na kuwa mviringo kama mwezi, anakula usiku, sukari ya damu imepanda, na ngozi ya mikono imekuwa nyembamba hata kugonga meza kunaacha alama ya zambarau. Muuzaji alipohama, shangazi akakosa unga. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, anazirai akisimama. Hospitalini waliitambua hali hiyo mara moja: alikuwa amemeza steroidi kwa miezi bila kujua, na tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zimelala kwa kuwa kazi yao ilifanywa na mtu mwingine. Kuchanganya deksamethasoni au diklofenaki katika "mitishamba" ni hila iliyogunduliwa katika nchi nyingi, na sababu yake ni wazi: vidonge hivyo ni vya bei ndogo na vinafanya kazi haraka.

Kwa hiyo dawa ya asili ikimwinua mtu kwa siku mbili tatu, mimi husita kushangilia. Mimea niijuayo huenda polepole.

#16 Mwana wa Njoro
Ndugu Maabara, umenitia baridi. Tangawizi na pilipili manga tulinunua sokoni, nzima. Manjano yalikuwa unga, katika mfuko mwangavu usio na maandishi, kutoka kwa mchuuzi anayepita siku ya soko. Jirani hununua kwake. Ila uso wa mama haujabadilika, na nafuu haikuja kwa siku mbili. Alianza kusema anasikia wepesi kama siku ya kumi hivi.

#17 Kidonge
Siku ya kumi inatia moyo kidogo. Hata hivyo, msimwachishe ghafla ikiwa kuna shaka yoyote ya steroidi; mpelekeni apimwe kwanza, na mfuko huo mwende nao.

Manjano ya unga yana hatari nyingine ambayo haihusiani na steroidi. Nchini Bangladesh watafiti waligundua kwamba wasagaji walikuwa wakitia rangi ya njano yenye madini ya risasi, kromati ya risasi, ili mzizi uliofifia ung'ae. Risasi haiondoki mwilini upesi na hudhuru ubongo wa watoto. Sina sababu ya kusema kwamba mchuuzi wa Njoro anafanya hivyo. Ninasema mzizi unauona na unga huuoni. Nunua mzizi, uchemshe, uanike, uutwange. Vidole vitabaki njano kwa siku tatu na kila mtu atakuuliza umepika pilau ya nani.

Nyongeza kwa wanaotaka kumeza kurkumini iliyokolezwa kwa vidonge: Italia na Marekani zimeripoti watu walioumia ini kwa bidhaa za namna hiyo, hasa zile zilizoongezewa piperini. Piperini haichagui, inapandisha pia kiwango cha dawa nyingine, kwa mfano fenitoini ya kifafa. Na anayemeza wafarini ya kuzuia damu kuganda asijiongezee manjano na tangawizi nyingi bila kumwambia daktari wake. Maziwa ya mama hayafiki huko, lakini nimeona watu wakisikia "kijiko kimoja kimenisaidia" wakaenda vijiko vitano.

Mama anatumia dawa za shinikizo la damu? Kama anatumia, nitafurahi zaidi kwamba alizitupa diklofenaki, maana mchanganyiko huo unaielemea figo.

#18 Mzee wa Molo
Mnazungumza kana kwamba hospitali iliumbwa siku ya kwanza na mti ukaumbwa siku ya nane. Hata hiyo aspirini ya hospitali ilitoka wapi? Mwaka 1763 kasisi mmoja Mwingereza, Edward Stone, aliandikia chama cha wanasayansi cha London kwamba gamba la mti wa Willow, likikaushwa na kusagwa, limewasaidia watu takriban hamsini wenye homa. Kutoka kwenye gamba hilo wakapata salisini, na mwaka 1897 Felix Hoffmann wa Bayer akaitengeneza aspirini. Ni mti, wanangu. Ni gamba, kama lile la muiri.

#19 Tia Shaka
Mzee, ninakubaliana nawe hadi mwaka 1897, na hapo ndipo hoja yako inapogeuka kuwa yangu. Kwa nini hawakuendelea kuuza gamba? Kwa sababu gamba la mti mmoja halikuwa na nguvu sawa na la mwingine, na asidi ya salisiliki iliyotokana na salisini iliwachoma watu matumbo. Walichokipata ni kipimo: kidonge cha leo ni sawa na cha kesho. Sababu yenyewe ya aspirini kutuliza mchochota ilijulikana mwaka 1971 tu, John Vane alipoonyesha kwamba inazuia mwili kutengeneza prostaglandini, na kwa hilo akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Kwa hiyo kutojua jinsi dawa inavyofanya kazi si aibu. Kutojua umekunywa kiasi gani ndilo tatizo.

#20 Nyar Nam
Naomba kuuliza jambo kwa kuwa jongo limetajwa. Mume wangu aliandikiwa kolchisini, na mtu akatuambia kwamba inatokana na ua tulilo nalo kwenye ua wa nyumba, lile jekundu lenye kingo za njano linalopanda kwenye vichaka kama moto. Je, tunaweza kuchemsha lile?

#21 Kidonge
Mama, tafadhali msichemshe. Aliyekwambia ana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoua. Kolchisini ilipatikana kwanza katika ua la Ulaya, lakini huo mmea wetu, Gloriosa, unayo pia, katika kila sehemu na hasa kwenye viazi vyake vya chini ya ardhi. Huko Sri Lanka watu wametiwa sumu kwa kuvila wakidhani ni viazi vitamu. Kipimo kinachotibu jongo na kipimo kinachodhuru viko karibu sana; ndiyo maana tunahesabu hata vidonge vidogo vya nusu miligramu. Kama kuna watoto nyumbani, ningekuwa mimi ningeung'oa.

#22 Nyar Nam
Nimekusikia, daktari. Mjukuu ana miaka mitatu. Ninakwenda na jembe sasa hivi.

#23 Mkulima wa Kabichi
Nimechelewa, lakini hamjataja kabichi. Mke wangu alipojifungua na matiti yakajaa, muuguzi alimwambia aweke majani ya kabichi yaliyopoa. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2016 Wajerumani walijaribu kufunga majani ya kabichi kwenye magoti yenye maumivu kwa wiki nne, wakalinganisha na jeli ya diklofenaki na matibabu ya kawaida. Kabichi ilishinda matibabu ya kawaida, na kati yake na jeli hapakuonekana tofauti kubwa. Huku kwetu gunia la kabichi wakati mwingine halilipi hata nauli ya lori, basi angalau iende kwenye magoti.

#24 Tia Shaka
Na tena waliofungwa kabichi walijua wamefungwa kabichi. Lakini ninakiri kwamba jani la kabichi halijawahi kumtoboa mtu tumbo.

#25 Maabara
Tusisahau kwamba hadi sasa hatujui mama ana ugonjwa gani. Mwalimu aliligusa katika #3 na tukalipita mbio. Goti lililochakaa kwa umri, goti lenye jongo, na baridi yabisi ile inayoshambulia viungo vingi pande zote mbili za mwili na kumfanya mtu aamke vidole vikiwa vigumu kwa zaidi ya saa moja, hayo ni mambo matatu tofauti. Hili la tatu, likitulizwa kwa manjano huku linakula mfupa kimyakimya, mtu hujuta baadaye. Apimwe kasi ya chembe nyekundu kuzama, kile kinachoandikwa ESR kwenye karatasi, na asidi ya yuriki. Ni vipimo vya kawaida.

#26 Mwana wa Njoro
Nimerudi na habari. Mama hana shinikizo la damu. Asubuhi vidole vyake haviwi vigumu. Ni goti tu, na ni lile la kulia ambalo mwaka 2019 aliliangukia akishuka kwenye trekta, jambo ambalo ameniambia leo kana kwamba ni dogo. Alhamisi anakwenda kupimwa, na mfuko wa unga tutakwenda nao. Mizizi ya manjano nimeinunua, na vidole vyangu ninapoandika haya ni njano.

Nilimwomba aache maziwa kwa wiki moja ili tuone. Amekataa. Amesema analala vizuri, na kwamba wanaotaka majaribio wajaribu kwa magoti yao.

Leo jioni nimepima yote mawili. La kushoto 39 na nusu. La kulia 42.

#27 Fundi wa Kondele
Limepanda kutoka 41? Ngoja kwanza. Nani alipima mara ya kwanza, na kwa tepu ipi? Tepu ya kitambaa ikitumika sana hurefuka, na iliyorefuka husoma kidogo kuliko ukweli. Mimi huilinganisha yangu na rula ya mbao kila mwezi, na ile niliyoitupa mwaka jana ilikuwa imedanganya sentimita mbili kwa mita moja. Pia kupima katikati ya pia ya goti na kupima vidole viwili juu yake ni vipimo viwili tofauti.

#28 Mwana wa Njoro
Ile 44 alipima dada, kwa tepu yake mpya. Ile 41 nilipima mimi, kwa ile ya zamani iliyokuwa kwenye droo ya cherehani ya mama. Ya leo ni tepu ya dada. Wala sikuizingatia pia ya goti mara zote mbili.

#29 Mzee wa Molo
Na thabai bado hamjaijaribu.